Jumanne Saa Nne

Ratiba ya muhula mpya ilibandikwa Jumatatu asubuhi ndani ya ubao wa kioo nje ya ofisi ya msajili, na kufikia saa tatu kioo kizima kilikuwa na alama za vidole vya wanafunzi. Karani wa ratiba aliwatazama kupitia dirisha lake dogo la kupokelea fomu. Alikuwa amekaa upande upande ili aone bila kuonekana. Hakuwa na haja na wanafunzi. Alikuwa akimsubiri mumewe.

Mumewe alifika saa tatu na nusu, koti begani, akasimama nyuma ya kundi, maana hakuwa mtu wa kusukumana. Alikuwa mwalimu wa muda hapo chuoni. Muda huo ulikuwa umetimiza miaka kumi na minne, na mwenzake mmoja aliwahi kumtania kwamba zipo ndoa za kudumu ambazo hazijafika huko. Wanafunzi walimwita Mwalimu Kwahiyo, kwa sababu hakuna sentensi aliyoiacha ipite bila kuiuliza: kwa hiyo?

Chuo chenyewe kilianzishwa ili mtu asome kidogo cha kila kitu, ushairi na hesabu, muziki na nyota, atoke akiwa na kichwa kinachofanya kazi. Siku hizi masomo hayo yalikuwa yakipukutika moja moja. Kwa mwalimu huyu Ushairi ulitangulia, ukafuatwa na Historia ya Mawazo, kisha Uandishi wa Hoja. Mkononi mwake lilibaki somo moja tu, Mantiki. Sheria ilikuwa fupi na wote waliijua: somo la hiari lisilopata wanafunzi kumi na wawili hadi Ijumaa saa kumi jioni ya wiki ya usajili linafutwa, na mwalimu wa muda asiye na somo anarudisha kitambulisho getini.

Kundi likapungua, akasogea. Karani aliona kidole cha mumewe kikishuka kwenye safu ya Ijumaa hadi saa nane mchana, mahali ambapo Mantiki ilikaa miaka tisa mfululizo, katika chumba cha chini karibu na stoo ya madawati mabovu. Kidole hakikukuta kitu. Kikarudi juu, kikatambaa siku baada ya siku, kikasimama Jumanne saa nne asubuhi, chumba namba sita.

Karani alijikuta anatabasamu peke yake. Chumba namba sita kina madirisha mawili mapana na feni inayozunguka kweli. Jumanne saa nne ni saa wanayoigombania walimu wa kudumu: watu wameamka, wamekunywa chai, na hakuna aliyeanza kutazama mlango. Majuma matatu nyuma mwalimu mmoja wa historia alistaafu, nafasi yake ikabaki wazi kwenye kompyuta, na karani hakumwambia mtu. Aliichukua Mantiki kutoka Ijumaa akaiweka humo. Ilitakiwa fomu yenye sahihi ya mkuu wa idara. Yeye aliandika kwenye karatasi ya kumbukumbu "marekebisho ya ofisi", akatia herufi zake mbili. Ilikuwa zawadi, na alitaka mumewe aikute mwenyewe ubaoni.

Mumewe hakutabasamu. Aliusoma ule mstari, akavua miwani akaifuta, akausoma tena. Halafu akaondoka bila kugeukia dirisha la mkewe.

*

Jioni karani alimkuta mumewe amekaa kwenye kigoda cha jikoni na koti lake mwilini, kama mtu anayesubiri kuitwa. Mama mkwe alikuwa akichambua mboga kwenye sinia. Alikuwa mwanamke wa miaka sabini na mitatu ambaye hakuwahi kukalia dawati, lakini katika mtaa mzima hapakuwa na mtu aliyelitamka neno "mwalimu" kwa raha kama yeye alivyolitamka akimtaja mwanawe.

"Wamemmaliza mwenzako," akamwambia mkwewe kabla hajatua mkoba. "Wamemhamishia asubuhi."

Karani akasema kwamba asubuhi si mbaya, wapo wengi wangeitamani. Alisema kijuujuu, huku akijiandalia nafasi ya kusema lililobaki.

"Nzuri kwa nani?" mumewe akauliza. Hakupandisha sauti. Alianza kuhesabu kwa vidole. Askari wa hospitali, anayeingia zamu alfajiri na kutoka saa saba. Wapishi wawili wa bweni, wanaomaliza kusugua masufuria ya mchana saa saba na nusu. Fundi bomba ambaye bosi wake hufunga mapema Ijumaa. Mwanamke wa kiwanda cha sabuni. Dobi. "Miaka tisa nimewaokota mmoja mmoja. Muhula ukiisha kila mmoja ananiletea mwenzake. Ijumaa saa nane ndiyo saa pekee waliyo nayo duniani. Vijana wenyewe hawanitaki. Jumanne saa nne vijana wako kwenye somo la Masoko, ukumbi mkubwa, watu mia na ishirini. Aliyenipeleka pale alijua anafanya nini."

Karani aliwafahamu watu hao wote. Walikuwa vichekesho vya mezani kwake. Kuna askari aliyetaka athibitishiwe kwamba mkubwa wake hayupo, na mpishi aliyemwacha mchumba baada ya somo la nne kwa sababu maneno yake hayakufuatana. Miaka tisa alizicheka hadithi zao huku akimega mkate, na miaka hiyo hiyo tisa aliihurumia saa ya mumewe, ile saa ya joto, ya chumba cha kando ya stoo, saa waliyopewa wanyonge. Hakuwahi kuziweka hadithi na saa mahali pamoja. Kwenye kompyuta yake mwanafunzi ni namba yenye tarakimu saba, na namba haiingii zamu.

Angeweza kusema wakati ule. Lakini mama mkwe alikuwa ameshatangulia kuulaani mkono uliofanya jambo hilo, usishike heri, usipokee baraka, na mumewe alikuwa ameshampa mwenye mkono jina: mkuu wa taaluma, aliyekuwa akimtafutia sababu tangu enzi za Ushairi. Kisha mumewe akamtazama na kumuuliza swali ambalo alipaswa kulitegemea.

"Wewe ndiye uliyeingiza. Fomu alikuletea nani?"

"Zinakuja nyingi," akasema. "Sikumbuki."

Mumewe alikubali. Mtu aliyezoea kuitikisa kila sentensi hakuitikisa hiyo, kwa sababu imetoka kwa mkewe. Akamwomba afungue kompyuta, anataka barua kwa mkuu wa taaluma.

Alisimama nyuma ya kiti akamtajia maneno, naye akaandika. Kwamba uhamisho huu haukufuata utaratibu. Kwamba yeyote aliyeufanya aliufanya kwa hila, akijua fika anawafungia mlango watu wa kazi. Alipofika kwenye neno hila vidole vya karani vilisita, akauliza kama si kali mno.

"Liache lilivyo. Miaka kumi na minne leo ndiyo mara ya kwanza nina hoja isiyo na tundu."

Mama mkwe akataka isomwe yote kwa sauti. Ilipokwisha akasema iongezwe kwamba mtu huyo ana roho mbaya. Mwanawe akamweleza kwamba jambo hilo haliwezi kuthibitishwa.

"Mnipeleke huko, nitalithibitisha mimi."

Wakacheka, hata karani. Kisha akarekebisha nukta mbili, na kesho yake asubuhi akaichapisha ofisini kwa karatasi ya ofisi.

*

Jumatano alikwenda kwa msajili msaidizi, kijana aliyekuwa mdogo kwake kwa miaka kumi na mitano na aliyemwita "mama" kwa namna inayomzeesha mtu. Akauliza kama inawezekana somo moja likarudi Ijumaa saa nane. Kijana akafungua daftari la vyumba. Chumba cha chini kimekodishwa kwa kampuni ya bima, wanafanya mikutano yao humo kila Ijumaa mchana hadi mwisho wa mwaka. Wameshaleta hata mapazia yao.

Karani akauliza chumba kingine. Kijana akasema vyumba si tatizo sana, angeweza hata kuzungumza na watu wa maktaba, ila ratiba imeshapigwa muhuri. Ili ifunguliwe lazima ajue kosa lilitokea wapi. "Nani alisaini kuhamisha? Tuanzie hapo. Niletee hiyo fomu, mama, leo hii nalimaliza."

Alisema ataitafuta. Alirudi mezani kwake, akavuta droo, akaitazama ile karatasi ya kumbukumbu yenye herufi zake mbili. Mwaka uliopita karani wa mitihani alisimamishwa kwa kugusa alama moja bila idhini, na alama yenyewe ilikuwa sahihi. Nyumbani mshahara usiopepesuka ulikuwa wake yeye. Wa mumewe ulikuja somo likija. Alipiga hesabu hiyo mara nyingi siku ile, kila mara ikatoka vilevile, na kila mara akaona inanuka.

Hakumpelekea kijana kitu. Alipofunga droo idadi ya waliojisajili Mantiki ilikuwa wanne.

*

Ijumaa saa nane kasoro dakika tano walikuja. Hakuna aliyewaita. Kila mwaka siku ya kwanza ya Mantiki ndiyo siku yao ya kujisajili, mwalimu hubeba fomu mwenyewe hadi darasani, kwa hiyo walikuja moja kwa moja hadi chumba cha chini na kukuta watu wenye tai wakifunga pazia. Wakapanda ngazi hadi dirishani kwa karani. Walikuwa sita. Askari alikuwa na sare yake, wapishi walikuwa na mikono iliyokunjamana kwa maji, na fundi bomba alisimama nyuma kwa kujua kwamba ananuka. Dobi alikuwa amemleta mdogo wake. Huyo ndiye alikuwa mgeni, na ndiye aliyevaa vizuri kuliko wote.

Askari ndiye aliyesema. Akamwamkia, akaomba kujua Mantiki imehamia chumba gani.

Karani akawaambia kwamba imehamia Jumanne saa nne asubuhi. Walitazamana. Mpishi mmoja akacheka, akidhani ni utani.

Kwenye kompyuta idadi ilikuwa tisa. Alihitaji watatu, na sita walikuwa wamesimama mbele yake. Alivuta fomu sita akazisukuma chini ya kioo, akasema kwa haraka kwamba waandike tu, wajaze majina, mambo ya saa yatatazamwa baadaye, walimu huwa wanaelewa.

"Mama," askari akasema polepole, kama anamweleza mgonjwa, "nikijiandikisha nisihudhurie nimefeli. Nikifeli, hospitali hawaniruhusu tena kusoma. Jumanne saa nne niko getini."

"Nisaidieni," karani akasema. Lilimtoka kabla hajalipima.

Askari alikuwa amezoea kuombwa na watu walio upande wa pili wa geti. Aliinamisha kichwa, akamtazama vizuri kwa mara ya kwanza, akamuuliza kama yeye ndiye mke wa mwalimu. Karani akaitikia. Basi askari akaichukua fomu moja, akaishika muda mrefu, akairudisha chini ya kioo ikiwa nyeupe. Akamwomba amfikishie mwalimu salamu zao. Amwambie kwamba hawakumkimbia.

Mdogo wa dobi ndiye pekee aliyejaza. Alikuwa hana kazi. Wakawa kumi, na saa kumi ilipogonga walikuwa kumi vilevile.

*

Mkuu wa taaluma alimwita mwalimu saa kumi na robo na akamkaribisha kiti. Hakuwa mtu mkali. Ilikuwa rahisi zaidi kumchukia ukiwa mbali naye. Alimwambia kwamba barua yake ameisoma mara mbili, na kwamba ni muda mrefu hajaletewa hoja iliyopangwa vizuri namna ile.

"Nani amekuchapia?"

"Mke wangu," mwalimu akasema, na pamoja na yote kulikuwa na majivuno kidogo katika sauti yake.

Mkuu akafungua jalada, akatoa karatasi moja, akaigeuza juu ya meza ili mwalimu aisome bila kupinda shingo. Akasema kwamba baada ya kusoma neno hila alitaka kumjua mwenye hila ofisini kwake, akaagiza fomu ya uhamisho. Fomu haikuwepo. Kilichopatikana kwenye droo ni hiki.

Mwalimu alisoma "marekebisho ya ofisi". Akaziona zile herufi mbili, ya pili na mkia wake unaorudi chini ya ya kwanza. Alizifahamu herufi hizo kama anavyofahamu kikohozi cha mama yake. Ziko kwenye mlango wa friji nyumbani, kwenye daftari la maji, kwenye barua za uchumba zilizomo ndani ya sanduku. Aliitazama tarehe. Alifikiri kwa mpangilio, kama alivyofundisha, na mpangilio ukampeleka mahali ambapo hakutaka kufika: si hila. Alitaka kunifurahisha. Halafu akalikumbuka lile "sikumbuki", na hapo mpangilio ukakatika.

Aliomba. Hakuwahi kuomba katika ofisi ile, na hakujua kuomba kunaanzia wapi. Akaeleza kwamba ni wawili tu wanaopungua, kwamba wanafunzi wake wa kweli walifika leo, kabla hata ya saa nane, watu wote waliwaona.

"Na Jumanne wangeweza kuja?" mkuu akauliza.

"Hapana."

"Kwa hiyo?"

Hakusema kwa kejeli. Hata kwamba neno hilo lilikuwa jina la mtu aliyeketi mbele yake huenda hakujua. Mwalimu ndiye aliyelisikia lote.

Mkuu akaendelea kusema kwa upole kwamba mke wake hatachukuliwa hatua. Nyumba moja kupoteza watu wawili kwa siku moja si ubinadamu. Karatasi hii itabaki failini, basi. Kitambulisho angekiacha getini, hakuna haraka, hata Jumatatu. Mwalimu akashukuru. Alijisikia akishukuru. Akauliza kama anaweza kuichukua barua yake, akaambiwa aichukue, nakala wanayo.

*

Nyumbani mama mkwe alikuwa amevaa kitambaa kizuri kichwani, akingoja kusikia jinsi adui alivyoangushwa. Karani alifika dakika chache baada ya mumewe na kumkuta amesimama katikati ya sebule. Mumewe alijua, na karani alijua kwamba anajua. Alibaki mlangoni na mkoba wake.

"Haya," mama akasema. "Mtu mwenyewe ni nani?"

Mwalimu aliweka barua juu ya meza, akaikunja mara mbili.

"Kompyuta, mama. Kompyuta ndiyo iliyokosea."

"Kompyuta ya nani?"

"Ya chuo."

Mama akawaza. Akasema yeye alidhani vitu hivyo havikosei, ndiyo maana watu wanapewa kazi ya kukaa navyo. Akamgeukia mkwewe kama shahidi wa fani. "Si ndivyo, mwanangu?"

"Huwa vinakosea, mama," karani akasema.

"Sasa somo lenyewe?"

"Limefutwa," mwalimu akasema. Halafu akaeleza kwa utulivu kwamba hatakwenda tena, na kwamba kama majirani wakiuliza, mama awaambie anapumzika. Mama alikivua kile kitambaa, akakikunja juu ya goti kwa uangalifu, na ndani ya dakika hiyo moja akawa mzee sana.

Karani alimfuata mumewe chumbani. Alimkuta anavua viatu, akakaa ukingo wa pili wa kitanda, migongo ikitazamana. Alikuwa ameandaa maneno mengi njiani. Lililotoka ni moja.

"Nilitaka na wewe upate asubuhi."

Mumewe alikuwa akihangaika na kamba iliyofunga fundo. Aliendelea nayo hadi ikafunguka.

"Sasa ninazo zote," akasema.

Hakumgombeza, wala siku hiyo wala zilizofuata. Alimsalimia, alimpisha bafuni, alimwachia sehemu ya gazeti aliyoipenda. Mezani akawa hana hadithi. Mama mkwe ndiye aliyeongea, juu ya mvua, juu ya miguu yake. Kila karani alipoanza sentensi mumewe aliisikiliza hadi mwisho kwa adabu, kisha hakuiuliza chochote.

*

Jumanne saa nne kasorobo mwalimu kijana wa Masoko alikuja mbio dirishani. Ukumbi mkubwa umefurika, alisema, wanafunzi arobaini wamekaa sakafuni na wengine wako nje, na amesikia chumba namba sita hakina mtu. Alitaka ufunguo ili agawe darasa, yeye huku na msaidizi wake kule.

Karani akamwambia ajaze fomu. Kijana akajaza amesimama, akairudisha. Karani akaisoma yote, akaigeuza, akairudisha chini ya kioo.

"Hakuna sahihi ya mkuu wa idara."

"Mkuu wa idara yuko safarini hadi Alhamisi, dada. Ni chumba kitupu tu."

Akamwambia kwamba analifahamu hilo. Kijana akajaribu kucheka naye, akajaribu kumsihi, akamwambia kwamba kila mtu chuoni husema yeye ndiye karani anayesaidia watu. Mwisho akaondoka akisema jambo la kihuni ambalo alitaka lisikike. Karani akaiweka fomu kwenye trei ya zilizokataliwa, akainyoosha ukingo.

Saa nne ikapiga. Kutoka ukumbini ilisikika sauti ya mtu akifundisha watu waliokaa chini. Chumba namba sita kilikuwa na viti thelathini na viwili, ubao uliofutwa na feni iliyosimama, na hadi saa sita mlango wake ulikuwa umefungwa. Ufunguo ulikuwa ndani ya kiganja cha karani. Alipokifumbua apokee fomu nyingine, meno ya ufunguo yalikuwa yamejichora ndani ya nyama.